Nilivyomngoja Ithibati

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na anishike mkono nimalize, kwa maana mnanijua: nikianza kufikiri katikati ya sentensi, sentensi haifiki.

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki mbili ni hili. Mtu akiandika NDIYO kwa imani, mahali ambapo jibu lake la kweli ni "sijui", je, huo ni uongo? Nilijiambia: Abrahamu aliitwa baba wa mataifa kabla Isaka hajazaliwa, kwa hiyo naweza kuandika NDIYO. Kisha nikajiambia: lakini Abrahamu hakuwa anajaza fomu. Kisha nikasema: tena yeye aliitwa na Mungu, hakujiita mwenyewe. Halafu nikaanza upya.

Fomu ilitoka shule moja ya sekondari ya kanisa kule Nyamasaria. Walitaka mwalimu wa somo la dini ambaye pia angewalea wanafunzi kiroho. Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi niliyoiombea tangu nilipookoka! Jina nilijaza. Umri nilijaza. Swali la nne likauliza: "Je, chuo ulichosomea kina ithibati?" Chini yake vijisanduku viwili, NDIYO na HAPANA. Hakukuwa na cha tatu. Na mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kijisanduku cha tatu.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mnajua nilisoma masomo ya dini miaka miwili kwa simu. Jina la chuo sitalitaja, kwa sababu bado sijui nilitaje kwa uchungu au kwa shukrani. Mtandao ulishika vizuri pale ufuoni tu, nyuma ya nyavu ambazo mama yangu na wenzake wanaanikia omena, vidagaa vya ziwa letu. Hapo ndipo nilipojifunza manabii na nyaraka, nikiwa na harufu ya omena katika kila daftari. Siku ya kuhitimu nilivaa joho sebuleni kwa mama, nikasimama mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye birika, na wakati jina langu lilipotajwa wamama wa kanisa hili walipiga vigelegele mpaka simu ikaanguka. Kuanzia siku hiyo mkaniita Pasta.

Lakini diploma ile ilikuja na ujumbe. Ujumbe ulisema: "Wapendwa, ithibati karibuni."

Maneno hayo nimeyasoma pengine zaidi kuliko mstari wowote wa Biblia, Mungu anisamehe. Karibuni ya namna gani? Kwamba ithibati inakuja hivi karibuni? Au kwamba sisi tunakaribishwa kwenye ithibati, tuingie tuketi? Niliwaandikia wanafunzi wenzangu kwenye kikundi chetu cha simu nikiwauliza, na mkuu wa chuo mwenyewe, tuliyemwita Daktari, akanijibu mbele ya wote kwamba anayeuliza sana ana roho ya Tomaso. Sikuuliza tena. Nikaogopa kwamba kuuliza kwangu ndiko kutakakoichelewesha.

Basi tukaanza kuomba. Kila siku saa tano asubuhi, wanafunzi kutoka pande zote za ziwa, tunaombea ithibati kwa simu. Aliyetuongoza alikuwa Dada Lilian wa Port Victoria, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja miamba. Nanyi mnajua Kiswahili chetu cha huku ziwani, hakijali ngeli. Dada Lilian hakuomba "Bwana, ilete ithibati." Aliomba, "Bwana, mlete Ithibati! Mfungulie mlango Ithibati! Popote alipo, mguse moyo aje!" Mimi nami, pale nyuma ya nyavu, nikaitikia kwa nguvu: "Mlete, Bwana! Nimemngoja!"

Na mama yangu alikuwa akigeuza omena hatua kumi kutoka hapo.

Ndugu zangu, mwaka mzima mama yangu aliamini kwamba Ithibati ni msichana! Tena kwa jina hilo, alikata shauri kuwa ni msichana wa Mombasa. Wenzake walijua, mimi sikujua. Nikashangaa tu kwa nini nikipita wananiangalia hivi na kucheka.

Siku moja, fomu ikiwa mfukoni na zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya kuirudisha, mama mmoja, nanyi mnamjua kwa mdomo wake, yuko pale nyuma anaficha uso, aliniita.

"Pasta! Huyo bibi yako wa Mombasa akija, atajua kuanika omena kweli, ama atakaa kwa kivuli akijipaka hina?"

"Bibi gani?" nikauliza.

"Sikia huyu! Si Ithibati."

Mama akaweka chini karai lake. Alinitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu tumzike baba.

"Baba," akaniambia, maana mimi nina jina la baba yake, "sikutaka kukuaibisha. Lakini unakonda. Huyo msichana, yeye kwa mdomo wake alikuambia anakuja?"

Nilitaka kumwambia kwamba Ithibati si mtu. Sijui kwa nini sikumwambia. Nilijibu tu, "Hapana, mama. Ni chuo kimesema."

"Kwani chuo ndio wazazi wake?"

"Hapana."

"Na wewe umeshaenda kwao?"

"Kwao wapi?"

"Kwao! Hana kwao? Babako alipotaka kunioa, yule jagam, yule mtu wa kati, alimtembeza mpaka mlangoni kwetu, babangu akamwona na macho. Huyu jagam wako amekutembeza wapi? Mwaka huu wote anakuambia tu Ithibati, Ithibati. Mimi nikifikiria, pengine huyo msichana hata hajui uko."

Wale wamama wakacheka. Mimi sikucheka. Niliketi juu ya gunia. Mwaka mzima nilikuwa nimepima kila neno la chuo, karibuni hii na karibuni ile, lakini sikuwa nimeuliza hata mara moja kwa wanaoitoa ithibati. Nilidhani kuwaza ni kutafuta. Kumbe nilikuwa nimekaa tu!

Nikamkumbuka na Tomaso. Nilikuwa nimeambiwa roho yake ni mbaya. Lakini Bwana alipomjia hakumfukuza. Alimwonyesha mikono, akamruhusu aguse. Tomaso alipewa jibu!

Nikapiga simu ofisi ya serikali inayohusika na vyuo. Mama mmoja akapokea, akaniomba nimsomee jina la chuo herufi kwa herufi. Akatafuta. Kisha akasema chuo hicho kimesajiliwa kama kikundi cha watu tu, na ithibati hakijawahi kuiomba. Nikamshukuru, nikakata. Halafu nikawaza, huenda nilikosea herufi. Nikapiga tena. Halafu nikawaza, huenda alitafuta kwenye orodha ya zamani. Nikapiga mara ya tatu, akanijua sauti.

"Ni wewe tena, ndugu? Jibu ni lile lile. Mtu hawezi kunyimwa kitu ambacho hajaomba."

Nikampigia Daktari. Sikutegemea apokee, lakini alipokea, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule wa masomo ya asubuhi. Hakukana. Alisema, "Mwanangu, tulikuwa tunajipanga kuomba. Mahitaji ni mengi. Kama una fomu mbele yako, weka NDIYO kwa imani, Bwana ataikamilisha."

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, ndugu zangu, na sitawaficha, hata leo sijachanganua yote. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kusoma Zaburi polepole. Ndiye aliyenifundisha kusamehe, nikaenda kupatana na baba mdogo baada ya miaka sita ya kutosalimiana. Yale yalikuwa kweli! Upatanisho ule ulikuwa kweli, baba mdogo ameketi pale. Basi kweli ilipitaje katika mdomo uleule ulioniambia niandike uongo? Je, nilisoma au sikusoma? Mimi ni mhitimu au ni mtu aliyevaa joho mbele ya birika? Nilijaribu kumchukia Daktari nikashindwa. Nilijaribu kumtetea, nako nikashindwa.

Niliporudi ufuoni nilimwambia mama ukweli. Nikamwambia Ithibati si msichana, ni idhini, ni karatasi ya kuonyesha kwamba chuo kinatambuliwa.

"Karatasi?" akasema. "Mimi nimefunga siku tatu bila kula kwa ajili ya karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Na inakuja?"

"Hakuna aliyeiita, mama."

Akafikiri. Akachukua karai lake. "Basi njoo ule," akasema. "Hakuna mtu wa kungoja."

Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuona nuru. Nilikula ugali na omena, na katikati ya chakula kile nikatambua kwamba kichwa changu kimenyamaza. Hofu iliyonifunga haikuwa hofu ya kukosa kazi. Ilikuwa hofu ya kujua. Na nilikuwa nimeshajua, na bado nilikuwa hai, na mama yangu ananiongezea mchuzi. Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Mezani, mikono ikiwa na samaki!

Kwanza niliwaandikia wenzangu kikundini yale niliyoambiwa na ofisi, neno kwa neno, bila kuongeza. Kisha Dada Lilian akaandika, "Pasta Meshack, ungetuacha tulale kidogo." Daktari akaniondoa kikundini. Nililia, siwafichi, kwa sababu wale walikuwa ndugu. Kesho yake Dada Lilian akanipigia simu. Sauti yake haikuvunja mwamba wowote. Aliniomba tu ile nambari ya yule mama wa ofisini.

Siku ya mwisho nikaenda Nyamasaria. Kabla ya kuingia ofisini nilisimama chini ya ukuta wa shule, nikaweka fomu juu ya goti, nikatia alama kwenye HAPANA. Chini yake nikaandika: "Chuo changu hakijaomba ithibati. Nilisoma kweli. Niko tayari kuanza upya."

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Kwa hiyo unaelewa kwamba diploma hii siwezi kuihesabu?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Na hiyo, ndugu zangu, ndiyo NDIYO niliyoitoa kwa imani.

Kazi ile amepewa mwingine, na Mungu ambariki. Mimi nimeshaomba nafasi katika chuo kingine, na safari hii nilipiga simu kwanza, mara moja tu! Namshukuru Mungu aliyemtumia mama yangu kuniuliza swali ambalo sikuthubutu kuliuliza. Na wewe uliyeketi hapo, unayengoja kitu ambacho unaogopa kuuliza habari zake, mtegemee Bwana, nenda ukaulize. Hatakuacha mlangoni peke yako.

Limebaki jambo moja, ndilo lililonileta mbele leo. Mliniita Pasta kwa sababu ya karatasi ile. Karatasi nimeileta, mzee wa kanisa ameishika. Kuanzia sasa, mpaka siku nitakayosoma mahali panapojulikana, naomba mniite Meshack.