Fundi Magongo na Watu Ambao Hawakuanguka

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Magongo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala na mama yake mshonaji. Mama huyo alipenda kusimulia kwamba mwanawe alichelewa kutembea, na siku alipoamua kutembea alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, akatoka nje, ikabidi majirani wasaidie kumtafuta.

Alianza shule ya msingi Januari 1955. Hesabu zilimkubali, mwandiko ulimgomea. Siku moja mwalimu mkuu alimkuta akiunga dawati lililovunjika kwa misumari aliyoinyoosha kwa jiwe. Badala ya kumwadhibu kwa kukosa kipindi, alimwandikia barua ya kwenda chuo cha ufundi. Alihitimu useremala Novemba 1966.

Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa katika karakana ya hospitali kuu, akakaa hapo miaka thelathini na mitano. Alitengeneza vitanda, milango na meza za dawa, ila jina lake lilitokana na magongo. Kila mgonjwa alimpima mwenyewe, na sehemu ya kwapani aliipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

Ni hapo hapo hospitalini alipompata mkewe, aliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha kufulia. Mlango wa chumba kile aliurekebisha mara tano katika miezi miwili. Mara ya tano binti akamuuliza, “Fundi, mbovu ni mlango au ni wewe?” Akajibu, “Mlango ni mzima, dada. Mimi ndiye sina sababu nyingine ya kuja.” Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971, wakajaliwa watoto wanne.

Jambo lililogeuza maisha yake lilitokea mwaka 1996. Mama yake, wakati huo akiishi naye, alimwambia, “Mwanangu, bafuni panateleza. Niwekee kitu cha kushika.” Marehemu alikata ubao siku ileile, akauegemeza kwenye ukuta wa karakana. Kazi zikamwandama. Kila alipokumbushwa alijibu, “Jumamosi, mama.” Jumamosi tisa zilipita. Asubuhi ya tarehe 21 Juni mama aliteleza, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena kitandani hadi alipofariki mwezi Oktoba. Marehemu hakuwahi kuificha habari hiyo. Aliisimulia mbele ya yeyote aliyetaka kumsikiliza, na hakujitetea hata kwa neno moja.

Tangu hapo, kila mzee aliyeletwa karakana kupimwa magongo aliulizwa, “Umeangukia wapi? Ulikuwa umeshika nini?” Wengi walisema bafuni, au kizingitini, na kwamba hawakuwa wameshika kitu. Wengine walikuja mara ya pili, kwa nyonga ya pili. Alipostaafu mwaka 2002 hakupumzika. Aliungana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali, mwanamama asiye na mzaha kazini, wakaanzisha darasa la wazee katika ukumbi wa shule kila Jumanne na Alhamisi. Mama yule aliwafundisha kusimama kwa mguu mmoja na kuinuka kitini bila kutumia mikono. Fundi alipita nyumba kwa nyumba akifunga vishikio bafuni na kwenye ngazi. Ukimkaribisha chai alikunja zulia lako kabla hajakusalimia, na wenye mazulia mazuri walimkasirikia sana.

Mbao za mwanzo zilitoka kwenye pensheni yake, hadi mkewe alipomuuliza, “Baba watoto, mwezi ujao tutakula misumari?” Ndipo alipokwenda kuomba fungu katika bajeti ya baraza la mji. Alikataliwa mara mbili. Mwenyekiti wa kamati ya fedha, muungwana lakini mgumu, alimwambia, “Fundi, hospitali wananionyesha waliotibiwa. Shule wananionyesha waliofaulu. Wewe nionyeshe mtu ambaye hakuanguka.” Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, “Amenishika pabaya.”

Alirudi tarehe 17 Februari 2006. Ukumbi wa baraza ulikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa imekufa zamani. Marehemu alifika peke yake, akaketi. Haukupita muda, hatua zikasikika kwenye ngazi, nyingi, za polepole. Wakaingia wazee thelathini na wanne, wakiongozwa na mkunga mstaafu wa miaka themanini na mmoja, wakahema, wakajipanga ukutani.

“Fundi, hawa ni nani?” mwenyekiti aliuliza.

“Ndio wale uliowaomba, mheshimiwa. Hawajaanguka.”

Mkunga akadakia, “Na tumepanda wenyewe. Wewe mwanangu ulipumzika mara ngapi?”

Ukumbi ulicheka, na mwenyekiti, ambaye bado alikuwa akijipangusa jasho, alicheka kuliko wote. Kisha muuguzi mkuu wa wodi ya mifupa, aliyepanda pamoja na wazee, akasimama na kueleza kwamba katika mitaa inayohudumiwa na darasa, waliovunjika nyonga walipungua kutoka kumi na tisa hadi saba kwa mwaka. Fungu lilipitishwa siku hiyo. Mwaka 2013 lilipokatwa nusu, marehemu alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya bajeti siku sita mfululizo hadi liliporudishwa. Leo darasa lipo katika mitaa kumi na mmoja.

Aprili 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa uvumilivu, ila hakupenda kushikwa. Mkono wowote ulionyooshwa kumwinua aliukwepa. Tarehe 2 Novemba 2023 alimwita mkewe, akamwambia, “Mama watoto, leo nishike.” Mkewe akajibu, “Nimekushika,” akamsogeza hadi kwenye kiti cha dirishani. Kesho yake, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti hicho na mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, alituaga. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Ameacha mke, watoto wanne, wakwe, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili na dada yake mdogo. Ameacha pia wanafunzi wake, wazee walioketi safu tatu za mbele. Wao wamekataa magari ya kwenda makaburini na wameiomba familia jambo moja tu: jeneza lisiende haraka.

Mungu ampe pumziko tulivu.