Mwalimu Melania na Watoto wa Benchi la Nyuma

Mwalimu Melania amefundisha miaka thelathini, kwanza Muyinga, kisha hapa kwetu Gitega, na Ijumaa tarehe 27 Juni anastaafu. Walimu wenzake wamenipa kazi mimi, Hidaya, mpishi wa shule, niandike wasifu wake, eti wao wana shughuli nyingi. Shughuli gani? Nawaona saa ya chai. Basi nimeandika, na atakayetaka kusahihisha Kiswahili changu, kesho aje na chakula chake kutoka nyumbani.

Melania alikulia Tanzania, ndiyo maana maneno yake yamenyooka kuliko yetu sisi wa mtaa wa Nyamugari. Aliporudi nchini alipangiwa Muyinga, darasa limejaa hadi dirishani. Siku hizo kusoma kulikuwa kama kuimba: mwalimu anataja sentensi, watoto wote wanairudisha kwa pamoja. Kulikuwa na mtoto anaitwa Bahati, sauti yake inasikika hadi barabarani. Inspekta wa shule alipokuja, Melania akamsimamisha Bahati asome. Akasoma bila kukwama. Inspekta akanyoosha mkono, akafunua ukurasa mwingine. Bahati akaendelea na maneno ya ukurasa ule ule wa kwanza, tena kwa madaha!

Leo Melania anaisimulia hadithi hiyo akicheka mpaka anashika mbavu. Siku ile hakucheka. Mtoto alikuwa na kitabu kizima kichwani na hakujua hata herufi moja.

Tangu hapo aliacha kuimbisha darasa, akaanza kukaa na mtoto mmoja mmoja. Akaenda mafunzo, akarudi na jina la kitaalamu, dislekisia. Mimi alinieleza kwa njia ya jikoni. Masikio ya mtoto wa namna hiyo mara nyingi ni mazima. Ila neno linamfikia kama fungu la mboga ya lengalenga lililofungwa kamba, na yeye hawezi kulichambua jani kwa jani. Sasa herufi ni alama ya sauti ndogo. Kama sauti hiyo huishiki, herufi utaiweka wapi? Si wote wasiosoma wako hivyo, na Melania hakuwachanganya. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwita mjinga. Nyie wengine mliwaita, na mimi niliwasikia.

Mjukuu wangu Raissa mlimwita hivyo. Alikuwa amerudia darasa na bado anatazama ubao kama ukuta kutoka benchi la nyuma. Shangazi zake walimtia mafuta ya moto masikioni. Hospitali wakasema masikio hayana kitu. Binti yangu Pili, mama yake, anayeuza samaki wadogo, akachoka: "Maman, mutoto atoke shule, aniuzie ndagala sokoni." Direkta Ilyasi, mkuu wetu wa shule, naye akakubali haraka kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Melania ndiye aliyesimama mlangoni kwake. "Mpaka Pasaka, Direkta. Akishindwa, nitampeleka sokoni mimi mwenyewe."

Kila siku baada ya chakula alimkalisha Raissa mlangoni pa jiko, akachukua maharagwe yangu bila kuomba. Anasema neno polepole, mtoto anasukuma punje kwa kila sauti. Kisha anaondoa punje ya kwanza: sasa limebaki nini? Wiki za mwanzo mtoto alizitazama punje tu. Nikamwambia Melania, "Unaniharibia maharagwe bure." Akanijibu, "Mama Hidaya, yako yanachelewa kuiva, na wewe huyafukuzi jikoni."

Pasaka ilipokaribia, Direkta akaja darasani na kitabu, walimu na Pili nyuma yake. Melania akakiweka pembeni, maana Muyinga ilimfundisha. Akaandika ubaoni sentensi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuisikia darasani. Raissa akasimama. Vidole vyake vilikuwa vinasukuma punje hewani. Akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena, mpaka akaimaliza: "Bibi anagombeza hata sufuria." Walimu wote wakacheka. Pili akalia. Direkta akasema, "Bon, abaki."

Alibaki. Sasa yuko mwaka wa tano. Melania hakutudanganya, alisema pengine Raissa atakuwa anasoma polepole maisha yake yote. Asome polepole, nani anamfukuza? Mwalimu Upendo amejifunza kazi hiyo na ataiendeleza. Upendo, usinilazimishe nije kukusimamia.

Mama Melania, asante kwa watoto wetu, asante kwa ubishi wako. Nenda Itaba kwenye shamba lako na mzee wako Bonifasi, ulale mpaka jua likuamshe. Mungu akupe afya, furaha na majirani wasio na kelele. Likizo hii Raissa anakuja kwako na kitabu kipya, anataka kukusomea chote. Hatamaliza mapema, kwa hiyo mpikie vizuri.