Namba Nane Kando ya Mashua: Wasifu wa Marehemu Leland Oskar Haugen, 1949–2024

Mchungaji, ndugu, na majirani wote wa Ziwa Halvor: mimi ni Karin, mtoto pekee wa marehemu. Mtaniwia radhi kwa kusoma nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki cha magurudumu, kwani miguu bado haijanirudia. Ni kwa ajili yangu mazishi yamechelewa karibu wiki mbili, na ninawashukuru waliochimba kaburi mapema kabla ardhi haijaganda.

Marehemu Leland Oskar Haugen alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Machi 1949, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kilomita tano kutoka hapa Birkelund, kaskazini mwa Wisconsin. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Oskar na mama Inga. Theluji ilikuwa imefunga barabara, na mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshazaliwa, amezungushiwa shati la baba yake. Bibi Inga alikuwa akisema kwamba Leland hakuwahi kumngoja mtu yeyote. Sisi tuliomngoja yeye gatini, chakula kikipoa mezani, tulikuwa tukicheka nusu tu.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba lao, kisha akamaliza sekondari hapa Birkelund mwezi Juni 1967. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko daftari lake. Hesabu zilimshinda kabisa, na mimi mwanawe nimekuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mtaona jinsi tulivyoelewana.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1968, kaka yake Norval alimpeleka ziwani kuvua maski kwa mara ya kwanza. Ninyi mnamjua samaki huyo, na kama kuna mgeni hapa, ni yule mrefu wa mwili na mpana wa taya, ambaye hufuata chambo hadi ubavuni mwa mashua bila kukigusa. Ndiyo maana mvuvi wa huku hainui chambo hivi hivi. Kila anaporusha na kuvuta, hata kama hajaona kitu, huzamisha ncha ya fimbo na kuchora namba nane majini, mzunguko mzima, ndipo arushe tena. Wengi huuma hapo. Siku ile Norval alimwonya mara kumi, na mara ya kumi na moja Leland akachoka, akainua chambo kabla hajaifunga nane yake. Hapo chini alikuwepo samaki mrefu kama mlango, na jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe tupu. Alimtazama Leland kwa utulivu, kisha akageuka akazama.

“Hukuchora!” Norval alimcheka njia nzima hadi nyumbani. “Mzee mzima kakufuata mwenyewe, wewe unamwonyesha mgongo! Lazima niwaambie watu wa baa, bwana.”

Aliwaambia watu wa baa, nao wakamtania Leland kila jioni. Siku ya tano baada ya ile ya ziwani, trekta lilimpindukia Norval shambani, akafariki akiwa na miaka ishirini na mbili. Tangu hapo, marehemu alinaswa na maski, na hakuna aliyeweza kumnasua.

Aliajiriwa na wilaya mwezi Novemba 1970 kuendesha gari la kusukuma theluji, na akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Wengi wenu mmefika hospitali, kazini na hata kanisani kwa sababu Leland alitangulia kupita barabara yenu asubuhi. Hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Kwenye kipaimara changu alichelewa, akaingia na mabuti ya mpira, akakaa kiti cha nyuma akinuka ziwa.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Donna Lindqvist, mpishi wa shule ya msingi, kwenye kanisa hili hili la Kilutheri. Mama alipenda kusimulia jinsi alivyoposwa. Walikuwa kwenye mashua, na baba akamuuliza huku akivuta chambo.

“Nikamwambia ndiyo,” mama alikuwa akisema. “Unajua alinijibu nini? ‘Ngoja kwanza, nimalize nane.’ Nikangoja. Kamaliza, kaweka fimbo chini taratibu, ndipo akanibusu. Nikajua naolewa mke wa pili.”

Bibi Inga alifariki Agosti 1983. Mama yangu alifariki tarehe 9 Oktoba 2001, mshipa ulipopasuka kichwani akiwa jikoni shuleni. Alizikwa Ijumaa. Nitalisema hili kwa sababu mlikuwepo na mliliona: watu walipoketi ukumbini kula kuku na viazi vya kuoka, baba aliinuka, akatoka na suti yake nyeusi, akashuka hadi ziwani. Tulimwona kupitia dirishani akirusha na kuchora, akirusha na kuchora, tai ikining'inia majini. Nilimchukia. Nilikaa miaka miwili bila kusema naye neno, na nilipokuja kusema naye, nilimwambia kwamba alimpenda samaki kuliko mkewe.

Mapafu ya marehemu yalianza kuchoka mwaka 2019. Tangu mwaka jana alivuta hewa ya chupa kupitia mpira puani, na daktari alimkataza mashua. Alimsikiliza daktari kwa heshima zote, akarudi nyumbani, akaifunga chupa ya hewa kwenye kiti cha mashua kwa kamba. Jirani yetu na rafiki yake wa miaka mingi, Clayton Wiita, ndiye aliyekuwa akimwendeshea injini.

Tarehe 8 Oktoba mwaka huu nilianguka darasani. Sumu ya maambukizi ilikuwa imeingia kwenye damu yangu, na nililala hospitalini siku ishirini na tano bila kujua jina langu. Mume wangu Tomas alimpigia baba simu kumwomba aje anishike mkono, maana madaktari walikuwa wameanza kuongea kwa sauti ya chini. Baba akasema hawezi kuja, ana kazi ziwani. Tomas alikata simu kwa hasira, na mimi ningekuwa na nguvu ningefanya vivyo hivyo.

Sasa nitawasomea alichonieleza Clayton juzi, jinsi alivyokisema.

“Binti, kila siku alikuwa ananigongea. Namwambia, Leland, nenda kwa mwanao! Anasema, ‘Nipo kwake.’ Basi tunakwenda. Tarehe mbili Novemba, saa kumi jioni, theluji imeanza kudondoka, mikono yangu imekufa ganzi. Naona kitu kinakuja nyuma ya chambo. Jicho jeupe, Karin. Nimevua ziwa hili miaka hamsini, na wale wa idara ya samaki wanasema maski hafiki hata miaka arobaini, lakini mimi nimemwona. Baba yako akazamisha fimbo. Mzunguko wa kwanza, jamaa anafuata. Wa pili, anafuata. Nikahesabu hadi kumi na saba! Mpira wa hewa umemtoka puani, midomo ya bluu, namwambia acha utakufa, yeye anachora tu. Kwenye kumi na nane akauma.”

Clayton alisema samaki hakupigana. Alikaa kando ya mashua, na baba akaitoa ndoano kwa koleo.

“Nikamwambia, ‘Tumpime basi, mzee! Hakuna atakayetuamini!’ Akasema, ‘Nyamaza, Clayton.’ Akainama, akamwambia yule samaki, ‘Mwanangu mwache. Nichukue mimi.’ Basi akamwachia. Na unajua, hakuondoka. Tumewasha injini, chambo kiko ndani ya sanduku, naye anatufuata hadi gatini.”

Muuguzi aliandika kwamba nilifungua macho saa kumi na dakika ishirini jioni hiyo. Nilipopewa simu, baba alisema, “Mwanangu, pole, nimekuchelewesha.” Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia aende akapumzike.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Clayton alimkuta ameketi kwenye ukingo wa gati na koti lake la kazi, fimbo mapajani, ncha yake ikiwa ndani ya maji. Hakukuwa na upepo. Clayton anasema mikono ya baba ilikuwa imepoa kitambo, lakini maji pale kwenye ncha yalikuwa bado yanazunguka.

Amemwacha binti yake, Karin, mkwewe, Tomas, mjukuu wake, Britt, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aliyekaa pale mbele na koti jekundu, na rafiki yake, Clayton. Wamemtangulia wazazi wake, kaka yake Norval na mkewe mpenzi Donna.

Karatasi za wasifu mlizogawiwa zinaishia hapo. Haya yanayofuata nimeyaandika leo asubuhi.

Jana mchana nilimwomba Clayton anisukume hadi gatini nikaione mashua. Ubaoni chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo mtu hawezi kuona asipoinama, baba alikuwa amechonga kwa kisu alama nne za namba nane, kila moja na tarehe yake. Tarehe 14 Septemba 1968, siku tano kabla ya Norval. Agosti 1983, siku tano kabla ya bibi. Tarehe 4 Oktoba 2001, siku tano kabla ya mama. Zote tatu hazikufungwa, mkato unaishia hewani. Ya nne ina tarehe 6 Oktoba mwaka huu, siku mbili kabla sijaanguka. Clayton anakumbuka kwamba siku hiyo kikohozi kilimshika baba, akainua fimbo. Nane hiyo nayo ilianza ikiwa wazi, lakini imefungwa kwa mkato mpya, na vumbi la mbao lilikuwa bado sakafuni. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilizihesabu tarehe hizo mara tatu, nikalia kwa sauti, nikamwomba baba msamaha mbele ya Clayton.

Kisha nikafanya jambo la kijinga. Nilitaka kujua alichokuwa akikihisi, basi nikaichukua fimbo yake, nikarusha chambo karibu tu, nikavuta, nikazamisha ncha, nikaanza kuchora. Mikono yangu ni dhaifu. Katikati ya mzunguko iliishiwa nguvu, nikainua fimbo.

Alikuwa pale chini, kando ya nguzo ya gati. Alinitazama kwa jicho lile jeupe, taratibu, kisha akageuka.

Hiyo ilikuwa jana. Leo ni siku ya kwanza kati ya tano.

Britt, mama, njoo ukae karibu na baba yako, na usitoke nje bila yeye. Akina mama wa kanisa wameandaa chakula ukumbini, na dirisha linatazama ziwani. Mtakaponiona huko, msinitumie mtu, na msiningoje. Clayton, nisukume.

Baba apumzike. Amemaliza nane yake, na mimi sijamaliza yangu.