Mkono Huinuliwa na Mwenyewe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Uwesu Kasubi. Ndugu zetu wa timu ya Radi ya Kitete. Wazee wetu mlio chini ya turubai. Akina mama mlioshika masufuria tangu alfajiri. Vijana wote: mwangaluka, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi Maveterani wa Nyuki wa Isevya tumemwomba Julieth, nahodha wa timu yetu ya wasichana, atusomee risala hii. Sauti zetu ziliishia kwenye kushangilia, na meno yaliyotutoka nayo si haba.

UKARIBISHO

Karibu nyumbani, Mheshimiwa. Kiwanja hiki ulikichezea pekupeku kabla hujakichezea na njumu. Siku hizi unaishi Dar es Salaam, mambo yamekunyookea, nasi tunafurahi bila kijicho. Leo umekuja kufungua mashindano yatakayobeba jina lako, Kombe la Uwesu. Zamani tuligombea mbuzi. Alifungwa karibu na kibendera cha kona, akila nyasi za uwanja huku sisi tukitoana jasho, na jioni timu iliyoshinda ilimla pamoja na iliyoshindwa. Magoli mengi tumeyasahau, ila harufu ya mchuzi ule hatujaisahau.

HISTORIA YETU

Waliotuanzishia Nyuki walituachia sheria moja. Anayecheza rafu au kushika mpira huinua mkono mwenyewe. Mwamuzi alikuwepo wa kuanzisha na kumaliza tu, na ilikuwa mwiko kumnyooshea mwenzako kidole. Wazee walisema wameirithi kwa wapagazi wa njia ya misafara: aliyeangusha mzigo alisema mwenyewe, maana msafara ukianza kulaumiana porini haufiki Ujiji. Kama ni kweli au ni maneno ya kunogesha kahawa, hatujui. Tuliipokea hivyo na tukaipenda.

Hakuna aliyeishika sheria hiyo kama golikipa wetu, Ghalibu bin Thani. Alasiri alifunga duka la baba yake, akavua kanzu, akaja mbio na bukta yake. Mpira ukiingia mikononi mwa Ghalibu umelala. Akina mama waliokuja kuuza karanga walisahau kuuza.

Mwaka ule wa mvua za El-Nino ilikuwa fainali, Nyuki na Radi. Hatuna haja ya kukusimulia sana, Mheshimiwa. Ulikuwepo, jezi namba tisa ya Radi. Mwishoni kabisa ikapigwa kona. Ghalibu akaruka, akaudaka. Namba tisa naye akaruka. Waliposhuka, mpira ulikuwa wavuni. Sisi tulikuwa tukimwona Ghalibu kwa mgongo, tukajua kauachia. Yeye aliinuka na tope lake, akamtazama namba tisa, akangoja. Alingoja mpaka mpira ukafika katikati ya uwanja. Kisha akainamisha kichwa.

Waliosema ni sisi. Tulimwita Mlango Wazi. Wengine walidai kauza mechi. Hata watoto waliotumwa dukani waligonga kaunta: "Mlango Wazi, nipe sukari robo!" Aliwapimia, akawafungia vizuri. Golini hakurudi tena. Alikuwa bado kijana, na mpira aliupenda kuliko chakula.

MAFANIKIO

Tuna timu ya watoto na ya wasichana. Mwaka jana, tukicheza na wenzetu wa Igalula, beki wetu Shukrani aliinua mkono ndani ya boksi wakati hakuna hata mmoja aliyemwona akiugusa mpira. Ikawa penalti, tukatolewa. Tulimpikia wali kwa kuku. Alikula huku akilia, nasi tukajiona matajiri.

CHANGAMOTO

Nyavu zimechanika. Bodaboda wamepafanya hapa njia ya mkato. Watoto wanaujua mkeka wa kubeti kabla hawajajua kupiga krosi, na wengine wameiga kwenye runinga kujiangusha na kugaagaa kama kuku anayechinjwa.

Lakini kubwa lilitupata Ramadhani iliyopita, tulipoalikwa kufuturu kwa Ghalibu. Majidi, beki wetu wa kushoto wa enzi hizo, akatania kama kawaida yetu: "Mlango Wazi, hebu sogeza tende." Bi Taghreed, mkewe Ghalibu, akatua sinia.

"Majidi, mwenzio aliudaka ule mpira. Ulipigwa ngumi ukiwa mikononi mwake."

"Mama Yaser, nyamaza," Ghalibu akamkatiza. "Mkono huinuliwa na mwenyewe."

"Huo mwiko wenu nyie wachezaji. Mimi sijavaa njumu hata siku moja! Nimeilea siri hii mpaka nimeota mvi, sasa imetosha."

Mwenzetu alikuwa ametunza sheria yetu kwa gharama ya jina lake, nasi ndio tuliokuwa tukimcheka. Jina la mtu mwingine hakulitaja usiku ule, wala sisi hatulitaji leo. Mwiko ni mwiko.

MAOMBI

Tunaomba nyavu, Mheshimiwa, na magogo ya kuziba njia ya bodaboda. Kama hayo yamezidi uwezo, tutafunga kamba kama zamani.

Ombi lililobaki halina gharama ya dukani. Jina likikaa kwenye kombe hukaa muda mrefu. Jina la Mlango Wazi nalo limekaa muda mrefu, na aliyelibeba yuko safu ya pili, mwenye kofia ya kijani. Hatukumwonyesha risala hii, angetukataza kuisoma.

Kabla hujaupiga mpira wa ufunguzi, tunakuomba usimame kidogo pale katikati. Wachezaji wote watakuwa wanakutazama, na ndiyo kwanza wanafundishwa sheria yetu. Ukiona huna la kufanya, upige mpira. Tutakushangilia kwa moyo, utakula pilau yetu kwa amani, na kombe litabaki na jina lako. Hakuna atakayekunyooshea kidole hapa.

Ukiona unalo, usiogope. Kuteleza si kuanguka, na uwanja huu wa masika umetutelezesha sote.

Mungu akupe afya, aibariki safari yako ya kurudi, awarehemu wenzetu waliotangulia wa Nyuki na wa Radi, na awalinde watoto wanaosubiri kucheza.

Na kama utainua mkono, Mheshimiwa, uinue juu kabisa. Macho ya Ghalibu yameingia ukungu, haoni mbali. Mjukuu wake Jihan ameketi ubavuni pake; yeye atamwambia.

Ni sisi wenzako wa kiwanja kimoja,
Maveterani wa Nyuki, Isevya, Tabora.