Mama Pasi, Aliyetaka Yasemwe

Aliyelala mbele yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kitinda mimba, baada ya kaka wawili. Mama yake anasema vumbi la kiwanda lilimfanya achukie uchafu tangu anatambaa. Alianua nguo za majirani bila kutumwa, akazikunja na kuzigawa mlango kwa mlango.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993. Hesabu zilimpiga chenga, na mwenyewe alikiri huku akicheka. Akajifunza kazi kwa dobi wa sokoni, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Pasi kabla hajawa mama wa mtu.

Siku moja fundi baiskeli alileta shati lile lile kwa mara ya tatu ndani ya wiki. "Kaka, hili shati halijavaliwa," alimwambia. "Sema shida yako." Akaisema. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2006 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mwaka 2011 yeye na mumewe walipimwa, wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Walianza dawa katika kliniki ya mbali, ili wenzake wa kazini wasijue. Hakukosa dozi, na alikuwa na afya njema.

Tarehe 2 Mei mwaka huu alilazwa katika hospitali ile ile, kwa maambukizi ya njia ya mkojo na maumivu makali ya kiuno. Daktari aliuliza kama kuna dawa anazotumia nyumbani. Muuguzi aliyekuwa pembeni alikuwa rafiki yake. Kwa hiyo mgonjwa akajibu hakuna.

Mumewe alimsihi aseme. "Baba watoto, hawa ni wenzangu," alimnong'oneza. "Kesho watashika shuka zangu kwa ncha za vidole."

Akawa anameza vidonge vyake chini ya blanketi, huku wodini akichomwa sindano za maambukizi na za maumivu. Kila dawa peke yake ilikuwa sahihi. Zilipokutana, zikazilemea figo. Mumewe alipovunja siri, figo zilikuwa zimeshagoma.

"Tungejua, tungechagua sindano nyingine," daktari alisema.

Maneno hayo bado yanazunguka ndani ya nyumba yao. Simu ya marehemu ingali inalia saa tatu usiku, muda wake wa dawa, na hakuna anayethubutu kuizima.

Siku zake za mwisho wodini alimwita kaka yake mkubwa, anayesoma haya. "Kaka, usije ukasoma kwamba niliugua kwa muda mfupi. Soma nilichoficha. Huenda hapo kuna mwingine anaficha."

Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Mei. Rafiki yake muuguzi alimfuta uso, akilia kwa nini hakuambiwa.

Ameacha mama, kaka wawili, mabinti wawili na mume. Mumewe ameridhia yote haya yasomwe. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, amemeza dawa zake mezani, mbele ya wanawe. Binti mdogo ndiye aliyemmiminia maji.

Mungu ampe pumziko lisilo na cha kuficha.