Hezron Nyakundi na Kosa Lisilo Lake

Baada ya kuitumikia klabu yetu ya besiboli kwa miaka minane, Hezron Nyakundi atastaafu tarehe 30 Juni 2026. Alikuwa miongoni mwa wachezaji kumi na wawili wa kwanza kutia saini mkataba wa kulipwa hapa, na ndiye pekee kati yao anayevaa jezi hadi leo. Wenzake magoti yaliwashinda zamani.

Hezron hakuja Riyadh kucheza. Alikuja kuendesha foklifti katika ghala moja la Al-Sulay. Ijumaa moja, Wafilipino waliokuwa wakicheza kiwanja cha jirani walipoteza mpira ndani ya ua wa ghala. Hezron akaurusha, ukapita juu ya ukuta, juu ya vichwa vyao, ukagonga gari la kocha wetu lililoegeshwa hapo. Kocha alienda kugombana, akarudi na namba yake ya simu. Kabla ya Ramadhani ikama yake, kibali cha ukaazi, ilikuwa imehamishiwa kwetu.

Mkono ule umetupatia vikombe vitatu. Mkono huohuo husonga ugali wa kambi, na ole wako uusonge wewe: atauita wa wagonjwa.

Lakini siwezi kuruka fainali ya Jeddah, mwaka 2019. Hezron alikuwa amefika kituo cha tatu, kimebaki kituo kimoja tushinde. Kando yake alisimama msaidizi wa kocha, yaani mimi. Nilitaka abaki palepale, nikapaza sauti kwa Kiarabu, kwa maana ya inatosha: "Halas!" Kwa mtu wa Al-Sulay, halas ya msimamizi ina maana moja tu: kazi imekwisha, tua mzigo. Hezron akavua kofia, akatoka kituoni kwenda kunywa maji. Wapinzani wakamgusa na mpira akiwa nje ya kituo, akatolewa, kombe likaenda.

Uongozi ulitaka kujua nani amekosea. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na kafili, mdhamini wa kibali changu, hakuwa na mchezo. Kabla sijafungua mdomo Hezron akasema, "Ni mimi, bosi. Nilizubaa." Akakalishwa benchi mechi kumi na moja. Mimi nikanyamaza, nikaongezewa mkataba. Nimeona haya miaka saba. Kila nikigusia hunikatiza: "Wacha hiyo, Reuben. Kula."

Rekodi ya klabu bado inasema aliyekosea ni Nyakundi. Naomba uongozi ufute jina hilo, uandike langu, kabla hajapanda ndege kurudi Kisii kwa mkewe Kemunto na watoto.

Asante, ndugu yangu. Nenda salama, upumzike, uishi kwa raha na wako. Ukiondoka, jina lako liondoke safi.

Reuben, msaidizi wa kocha