Alama ya Mizinga

Zimeni simu zenu mkae chini, Marko na Vedasto, na wewe Recheli sogea hapa kichwani, maana pumzi niliyobaki nayo siwezi kuipoteza kwa mtu asiyesikiliza. Shamba la hapa Kigwa gawaneni ninyi wawili, sina neno. Mizinga yote iliyotundikwa porini, kando ya njia ya zamani ya wapagazi hadi karibu na Tura, ni ya Recheli, binti wa marehemu ndugu yenu Dionis, na sitaki kusikia kwamba mtoto wa kike hapandi mti. Anapanda. Ninyi ndio mnaoogopa nyuki.

Sasa lililonichoma. Dionis alimwachia binti yake sarafu za mtandaoni za kumsomesha, nami nikakukabidhi wewe Vedasto uzitunze kwenye simu, kwa kuwa ulijitapa kuyajua mambo hayo. Ukaweka nywila gani? LUGEMBE. Jina langu, alama niliyochonga kwenye kila mzinga, inayosomwa na kila mrina asali anayepita porini. Recheli alikuambia, "Baba mdogo, hiyo inajulikana na kila mtu." Ukamcheka, ukasema alama hiyo imelinda asali yetu tangu yeye hajazaliwa. Mpumbavu wewe. Porini inalinda kwa sababu anayeiona ananijua na kuniheshimu; mtandaoni uliwapa ufunguo watu wasiomheshimu yeyote. Wakaingia, wakabeba nusu. Nawe, badala ya kuinamisha kichwa, ukasimama uani mbele ya majirani, ukamwita mtoto huyu mwizi, ukamtoa shule akiwa kidato cha pili. Na Marko ukanyamaza, ukaendelea kula ugali wako.

Huyo mwizi wenu ndiye aliyeokoa nusu iliyobaki. Aliingia kwa nywila ile ile, akaibadilisha kabla wezi hawajarudi. Tukauza asali, tukaenda Tabora mjini, akanunua kifaa kidogo cha kuhifadhia sarafu, akakikagua kwanza kama hakijafunguliwa na mtu. Alipokiwasha kikampa maneno ya kurudishia mali yake endapo kitapotea au kuharibika. Hakuyapiga picha, wala hakuyaweka kwenye simu. Aliyachonga kwa msumari kwenye kipande cha bati, kwa sababu karatasi huku ni chakula cha mchwa, na hata mimi alinifukuza nisichungulie. Ilipofika namba ya siri, nikampa mwaka niliozaliwa. Akasema, "Babu, huo si utaandikwa kwenye msalaba wako?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Akachagua yake, na siijui, kisha akazihamishia humo sarafu zilizobaki.

Naona midomo yako inacheza, Vedasto. Usiulize bati liko wapi. Liko penye nyuki.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Kifaa ni cha Recheli, na shule atarudi. Marko, utampeleka wewe, na safari hii mdomo uufungue mbele ya mwalimu mkuu. Vedasto, usishike sepetu kwenye kaburi langu kabla hujasimama uani pale pale, mbele ya majirani wale wale, ukasema mtoto huyu hakuiba. Ukishindwa, wachimbe wengine. Nimekuzaa mimi, lakini... wachimbe wengine.

Recheli, mjukuu wangu, lete mkono. Mungu akutangulie porini, na darasani pia. Kwenye mizinga mipya usichonge jina langu. Chonga... chonga lako. Na ile namba ya kifaa, hata nikikuuliza hapa, nikiweweseka... usiniambie. Hata mimi... usi...